Usuluhishi Nchini Uganda: Jinsi ya Kumaliza Ugomvi wa Deni, Ardhi, Mirathi au Kazi Bila Kuzeekea Mahakamani

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ugomvi mkononi sasa hivi: mfanyabiashara wa Arua anayemdai mwenzake, ndugu wa Busia waliokwama kwenye shamba la marehemu baba yao, dereva wa Jinja aliyefukuzwa bila kulipwa haki zake, mama wa Nakivale ambaye jirani amesogeza ua. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili Uganda tukifika mahakamani tunakuta kesi inaendeshwa kwa Kiingereza, na inabidi tusubiri nje wakili atueleze kilichosemwa mbele ya macho yetu. Kwenye usuluhishi unajisemea mwenyewe, kwa lugha unayoimudu, na hakuna jambo linalopita mpaka wewe ukubali.

Kazi ya msuluhishi ni kuwaongoza nyinyi wawili mpaka mfikie mapatano yenu. Hatoi hukumu, na hana nguvu ya kumlazimisha yeyote. Akishaanza kusema nani ana haki na nani hana, hapo ameshakuwa hakimu, na una ruhusa ya kumkumbusha.

Wala usidhani hii ni njia ya wanyonge wasio na kesi. Ibara ya 126 ya Katiba ya 1995 inaziagiza mahakama kukuza maridhiano kati ya wadaawa. Kanuni za usuluhishi za mwaka 2013 zinataka mashauri ya madai, kuanzia kwa mahakimu hadi Mahakama Kuu, yapitie usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Kwa hiyo hata ukifungua kesi leo, utaletwa kwenye meza hiyohiyo. Afadhali ufike ukiwa umejiandaa.

Kwanza hakikisha shauri lako linafaa

Madeni, mikataba, kodi ya nyumba, mipaka, mirathi, mishahara, matunzo ya watoto, biashara ya ubia iliyovunjika: haya yote yanafaa. Yanafaa zaidi pale ambapo mtaendelea kuonana baada ya ugomvi, maana jirani wa shamba utakuwa naye miaka yote.

Yapo yasiyofaa, na hapa sina simile. Binti wa chini ya miaka 18 akinajisiwa, hilo ni kosa kubwa la jinai. Familia mbili kukaa na kumalizana kwa mbuzi au kwa bahasha huo si usuluhishi, ni kuficha uhalifu, na mtoto ndiye anayelipa. Nenda polisi, kwenye dawati la familia na watoto. Vivyo hivyo kwa ubakaji, kujeruhi vibaya, na mauaji. Sheria inamruhusu hakimu kuwapatanisha watu kwenye makosa madogo ya binafsi kama shambulio la kawaida, lakini haifiki kwenye makosa makubwa.

Mke anayepigwa naye asisukumwe kukaa meza moja na anayempiga ati kwa sababu wazee wamesema. Kama mwenyewe anataka mazungumzo kuhusu watoto au mali, basi wakae vyumba tofauti, msuluhishi aende na kurudi, na awe na mtu wake wa kumsindikiza.

Jambo la tatu ni muda. Mazungumzo hayasimamishi saa ya sheria. Dai la mkataba lina miaka 6, na la kurudisha ardhi lina miaka 12. Mfanyakazi anayelalamikia kufukuzwa isivyo haki anatakiwa apeleke malalamiko ndani ya miezi 3. Nimeona watu wanazungushwa na "tutaongea wiki ijayo" mpaka muda unaisha, na anayewazungusha anajua anachofanya. Kama tarehe yako iko karibu, fungua shauri kwanza, kisha mzungumze.

Chagua mlango wa kuingilia

*LC ya kijiji,* yaani baraza la serikali ya mtaa (Local Council). Ndiyo iliyo karibu na kila mtu, haina mawakili, na inaendeshwa kwa lugha ya pale mlipo. Mahakama za LC zipo kwa sheria ya mwaka 2006. Kwa madeni na mikataba mwisho wao ni shilingi milioni 2; kwa mambo ya mila, ikiwemo ardhi ya kimila, hakuna kikomo hicho, ila kesi ya ardhi huanzia LC ya pili, ya parokia (si ya kanisa, ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa). Kumbuka LC inaweza kuwapatanisha na pia inaweza kuamua. Ukienda, sema wazi mbele ya mwenyekiti: "Tumekuja tupatanishwe, hatujafungua kesi." Usiposema, unaweza kutoka na hukumu ambayo hukuitarajia.

*Wazee wa ukoo, machifu, masheikh na mapadri.* Sheria ya Ardhi ya 1998 inatambua kwamba viongozi wa jadi wanaweza kusuluhisha migogoro ya ardhi ya kimila. Acholi wana mato oput yao, Iteso wana ailuc, taratibu za jadi za kupatanisha watu, na mila hizi zina uzito mpaka zikatajwa kwa majina kwenye makubaliano ya Juba ya mwaka 2007 kati ya serikali na waasi wa LRA. Nguvu ya wazee ni kwamba wanajua historia ya kila jiwe. Udhaifu wao, tena nausema kwa heshima zote, ni kwamba mjane na binti mara nyingi husikilizwa mwisho. Kama wewe ni mjane, usiende peke yako.

*Afisa wa kazi wa wilaya.* Huyu ni kwa ajili ya mishahara, kufukuzwa kazi na malipo ya mwisho. Siku 90 zikipita bila uamuzi, unaweza kulipeleka shauri Mahakama ya Viwanda.

*Ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi,* chini ya Wizara ya Sheria. Hapa familia huitwa na kukalishwa kabla ya kupewa cheti cha kutokuwa na pingamizi, kinachowawezesha kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mali. Mkishindwa kuelewana juu ya nani asimamie mali ya marehemu, huu ndio mlango.

*Msaada wa kisheria.* FIDA Uganda (chama cha mawakili wanawake), mradi wa msaada wa chama cha mawakili, na pia vituo vya haki, vyote vina watu waliofunzwa kusuluhisha, na hawamtozi asiye na uwezo. Kwa maoni yangu, huu ndio mlango ambao wanawake na maskini wangeujaribu mapema zaidi kuliko wanavyofanya.

*Kwenye makazi ya wakimbizi* kama Nakivale, Kyangwali na Kyaka II, anzeni kwa viongozi wenu wa RWC (mabaraza ya ustawi wa wakimbizi), kisha ofisi ya Waziri Mkuu iliyopo kambini. Ardhi pale mmepewa kutumia, si kumiliki, kwa hiyo msuluhishi yeyote anayewaandikia mkataba wa kuuziana kiwanja anawapoteza.

*Mahakama yenyewe,* kama kesi tayari iko huko. Kila upande unawasilisha muhtasari wa shauri lake, na usuluhishi unatakiwa uishe ndani ya siku 60, ukiongezwa basi ni kwa siku chache tu.

Mwite mwenzako bila kumtisha

Watu wengi wanaharibu hapa. Wanamtuma askari, au wanatuma ujumbe wa sauti saa tano usiku, au wanamwambia shemeji amfikishie. Anayeitwa kwa vitisho huja na ndugu kumi, au haji kabisa.

Andika barua fupi, ipelekwe na mtu mnayemheshimu nyote. Inaweza kuwa hivi:

"Ndugu yangu, salamu kwako na kwa wa nyumbani. Juu ya ile bidhaa niliyokupa mwezi wa tatu, naona tumefika mahali hatuelewani, nami sipendi tuendelee kupishana barabarani bila kusalimiana. Naomba tukae na mtu wa kati, tumalize. Nimemfikiria mzee wa msikiti wetu. Kama hafai kwako, pendekeza mwingine. Nipo tayari Jumanne au Alhamisi mchana. Kuja kwako hakutahesabiwa kuwa umekubali deni."

Sentensi ya mwisho usiiache. Wengi wanakwepa kikao kwa kuogopa kwamba kukaa tu ni kukiri. Weka nakala yako. Kama shauri litaishia mahakamani, barua hiyo itaonyesha kwamba ulitafuta suluhu.

Nani akae katikati

Asiwe ndugu wa mmoja wenu, asiwe anamdai mmoja wenu, na asiwe na faida yoyote kwenye matokeo. Muulize waziwazi: "Una uhusiano gani na huyu mwenzangu?" Mtu mwadilifu hatakasirika.

Awe anasikia lugha zenu zote mbili. Kama mmoja anaongea Kilugbara na mwingine Kiswahili, tafuteni mkalimani asiye wa upande wowote, na mwambieni atafsiri kila neno bila kufupisha. Nimewahi kusikia mama akieleza kwa dakika nzima jinsi alivyouza ng'ombe kulipa sehemu ya deni, na mkalimani akasema tu, "Anasema amelipa." Ng'ombe aliachwa nje ya kikao, pamoja na tarehe na shahidi aliyemnunua.

Kama kuna malipo ya msuluhishi, mpatane kabla, na mgawane nusu kwa nusu. Msuluhishi anayelipwa na upande mmoja atashukiwa hata akitenda haki.

Maandalizi: hapa ndipo kazi ilipo

Tenga jioni moja, kaa na daftari, ujibu maswali manne kwa maandishi.

La kwanza: nina ushahidi gani? Risiti, ujumbe wa simu, taarifa za mobile money, mkataba, hati, barua ya LC, picha za mipaka, majina ya mashahidi. Ziandike kwa mfuatano wa tarehe kwenye karatasi moja. Nenda na nakala. Asilia ziache nyumbani mahali salama.

La pili: nataka nini hasa? Ninachodai na ninachohitaji aghalabu ni vitu viwili. Unadai shilingi milioni 6 zote leo, lakini unachohitaji ni milioni moja na nusu kabla ya shule kufunguliwa na uhakika kwamba zilizobaki zitakuja. Unadai mita tatu za shamba, lakini unachohitaji ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Ukilijua hili kabla ya kikao, utakuwa na mambo mengi ya kujadiliana kuliko yule aliyeshikilia namba moja.

La tatu: tusipoelewana leo, nitafanya nini? Jibu lisiwe "nitaona". Kama deni ni mpaka shilingi milioni 10, kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011, ambao hauhitaji wakili: unampa mdaiwa notisi ya siku 14, asipolipa unafungua dai. Mtu anayejua ana njia hiyo hakubali pendekezo la dhuluma kwa woga, na pia hakatai pendekezo zuri kwa kiburi.

La nne: nani mwingine lazima akubali? Mapatano mengi ya ardhi huvunjikia hapa. Kama ardhi ni ya familia, inayokaliwa au kulimwa kwa chakula cha nyumbani, sheria inataka mwenzi wa ndoa akubali kabla haijauzwa wala kuwekwa rehani. Mume akisaini peke yake, karatasi ni bure. Mke aje kikaoni, asiletewe karatasi nyumbani.

Kwenye mirathi, jueni mafungu ya sheria kabla ya kuachiana chochote. Marehemu asipoacha wosia, kwa mujibu wa marekebisho ya mwaka 2022, mjane au mgane ana asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4, na mrithi wa kimila 1. Nyumba waliyokuwa wakiishi inalindwa kwa utaratibu wake. Watu wazima wanaweza kupatana vinginevyo kwa hiari yao, lakini hiari ya mtu asiyejua fungu lake si hiari. Fungu la mtoto mdogo halijadiliwi kwa urahisi namna hiyo. Tena mwenye mamlaka ya kugawa mali ya marehemu ni yule aliyepewa na mahakama barua za usimamizi. Wazee wakigawa kabla ya hapo, wanaweka mbegu ya kesi ijayo.

Siku ya kikao

Msuluhishi ataanza na taratibu: kila mmoja ataongea bila kukatizwa, hakuna matusi, simu zimezimwa, yatakayosemwa hayatoki nje. Kwenye usuluhishi wa mahakama, usiri huu uko kwenye kanuni. Ulichokiri au ulichopendekeza hakiwezi kutumiwa dhidi yako kesi ikiendelea. Kwa wazee au kwa LC hamna ulinzi wa namna hiyo, basi mwandike usiri huo kwenye karatasi kabla ya kuanza na msaini.

Zamu yako ikifika, eleza kwa mfuatano, ukitaja tarehe na kiasi. Mwite mwenzako kwa jina la heshima mliyozoea, mzee, hajati, shemeji, hata kama moyo hautaki. Zamu yake ikifika, andika usichokubaliana nacho badala ya kumkatiza.

Baadaye msuluhishi atamwita kila mmoja pembeni. Wengi hukitilia shaka kikao hiki cha pembeni, wakidhani mwenzao anahonga. Hapo ndipo watu husema ukweli wasioweza kuusema mbele ya mgomvi wao. Kwenye kikao kimoja cha deni nilikokuwa nikitafsiri, mdai alikataa kila pendekezo la awamu, hata lile ambalo mwenyewe alikuwa amelitaja asubuhi. Pembeni msuluhishi akamuuliza, "Mama, ukiacha pesa, kuna nini?" Akanyamaza, akavua miwani, akaifuta kwa khanga. Kumbe mdaiwa alimwita mwizi mbele ya wateja, kwenye meza yake sokoni, naye akataka aombwe radhi palepale, mbele ya majirani zake wa meza. Mdaiwa alikubali mara moja, na nusu saa baadaye awamu zikapatikana. Kuomba radhi si jambo la pembeni. Hata mahakama za LC zina mamlaka ya kuamuru mtu aombe radhi.

Kwenye mapendekezo, usitaje kiwango chako cha mwisho mwanzoni. Pendekeza jambo lililo kamili: kiasi, tarehe, namna ya kulipa. Ukipewa pendekezo zito, omba muda. Msuluhishi anayekuambia "saini sasa hivi au basi" hakutendei haki.

Kuandika mapatano

Karatasi nyingi nilizozisoma zinasema, "Wamekubaliana kwamba atalipa deni na wataishi kwa amani." Karatasi hiyo haina faida. Atalipa kiasi gani? Lini? Asipolipa je? Linganisha na hii:

"Mdaiwa anakubali anadaiwa shilingi 6,000,000. Leo amelipa 1,500,000 taslimu, na mdai amezipokea mbele ya mashahidi. Zilizobaki 4,500,000 atalipa kwa awamu 9 za shilingi 500,000, kila tarehe 5 ya mwezi, kwa mobile money kwenye namba iliyoandikwa hapa chini. Akikosa awamu mbili, deni lote lililobaki litadaiwa mara moja. Jumamosi hii saa nne asubuhi atamwomba mdai radhi kwenye meza yake sokoni. Baada ya malipo ya mwisho, mdai ataandika kwamba hamdai tena."

Kwenye ardhi, taja mpaka kwa vitu vinavyoonekana: kutoka mwembe mpaka kona ya kaburi, hatua ngapi, upande gani. Chora ramani hata ya mkono. Mwende wote shambani siku hiyohiyo mpande miti ya mpaka mbele ya majirani wa pande zote, nao wasaini. Kama ardhi ina hati, mwiteni mpima ardhi aliyesajiliwa, maana mawe ya mpaka hayahamishwi kwa maneno.

Kama mmoja wenu hasomi, au hasomi lugha iliyotumika, sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inataka asomewe na kuelezwa, na aliyeandika aweke jina lake na anwani yake kama mwandishi. Usipuuze hili. Mtu akidai baadaye kwamba alisaini asichokielewa, kukosekana kwa mistari hiyo miwili kunaweza kuyaangusha mapatano yote. Mimi hushauri yaandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na mseme ndani yake ni ipi itakayofuatwa zikitofautiana.

Kila ukurasa usainiwe. Nakala tatu: yako, yake, ya msuluhishi.

Ili mapatano yasibaki karatasi

Kama kesi ilikuwa mahakamani, mapatano hupelekwa kwa msajili au hakimu na kuwa hukumu ya makubaliano. Tangu hapo yanatekelezwa kama hukumu nyingine yoyote, na kuyatengua ni kazi ngumu: mpaka uthibitishe udanganyifu, kosa la msingi au sababu nyingine ya namna hiyo. Kwa hiyo soma kila neno kabla hujasaini.

Kama hakukuwa na kesi, mapatano yenu ni mkataba. Mwenzako akiyavunja, unashtaki kwa mkataba huo mpya, na huna haja ya kuanza upya kuthibitisha deni la zamani. Deni la mfano wetu, kwa kuwa halizidi milioni 10, lingeenda kwenye madai madogo, na karatasi hiyo ingekuwa ushahidi wa kwanza mezani.

Weka daftari la utekelezaji. Kila awamu iandikwe, isainiwe. Ikichelewa kwa siku mbili tatu, piga simu siku hiyohiyo kwa upole, kisha mjulishe msuluhishi. Usikae miezi minne kimya halafu ulipuke.

Mkishindwa kuelewana

Kabla ya kutawanyika, muombe msuluhishi aandike kwamba mlikaa tarehe fulani na hamkufikia mapatano, bila kutaja nani alisema nini. Andikeni pia mambo mliyokubaliana hata kama ni machache. Mkiwa mmekubaliana kwamba bidhaa ilipokelewa na mnabishana bei tu, hakimu atabaki na swali moja la kuamua.

Kisha rudi kwenye jibu lako la swali la tatu. Deni la mpaka milioni 10: toa notisi ya siku 14, hesabu kuanzia siku aliyoipokea, na ukifika mahakamani omba mkalimani wa Kiswahili mapema, siku ile ile unapofungua dai, usisubiri siku ya kusikilizwa.